Vita Juu ya Godoro

Kazini walimwita Nta, kwa sababu hakuna siku aliyokosa kuwa nayo kwenye kucha. Alikuwa fundi wa meno bandia katika karakana finyu nyuma ya kliniki ya meno. Kwa daktari ilitoka plasta ngumu ya jasi yenye umbo la ufizi mtupu wa mtu asiyemjua. Yeye akaweka nta, akachonga jino baada ya jino, na kazi ikaondoka ikiwa tabasamu la mtu huyo huyo asiyemjua. Hakuwa na mume wala mtoto. Aliishi na dada yake mkubwa, fundi cherehani, katika vyumba viwili ambavyo kimoja kilikuwa kimetekwa na nguo za wateja.

Mambo yalianzia kwenye meno ya Mwalimu. Huyu alikuwa amestaafu kufundisha jiografia, na nyonga yake ilikuwa imegoma kupanda ngazi za kliniki, kwa hiyo daktari alimtuma Nta ampelekee meno nyumbani na kuona kama yanakaa sawa. Ilikuwa Jumamosi mchana. Mlango ulifunguliwa na mtu mnene aliyenukia sabuni na, chini ya sabuni, nyama.

"Pita tu," akasema yule mtu, ambaye wote walimwita Bucha kwa kazi yake. "Ila tafadhali usiegemee meza. Tuko vitani."

Nta akapita, na pale pale mlangoni miguu ikamgoma.

Sebuleni kulikuwa na mlango mzima uliong'olewa bawaba na kulazwa juu ya viti. Juu yake kulikuwa na nchi. Vilima vilikuwepo, na mashamba ya kahawia yenye matuta, na daraja la mawe lisilozidi kipande cha sabuni. Na askari! Walijaa kama siafu, kila mmoja si mrefu kuliko pingili ya kidole, mwenye kofia, mkuki na uso wake. Mmoja alikuwa amegeuza shingo kana kwamba ameitwa na mwenzake.

Maisha yake yote Nta alikuwa akichonga vitu vidogo, lakini vitu vyake vilikwenda kufichwa mdomoni mwa mtu. Hakuwahi kufikiri kwamba udogo unaweza kuwa mkubwa kiasi hiki.

"Shikamoo, Mwalimu," alikumbuka kusema.

"Marahaba, mwanangu. Subiri kidogo. Huyu mchinjaji anataka kuniletea farasi."

Bucha alipima kwa rula kutoka farasi wake hadi kwenye askari wa Mwalimu, akawasogeza, akarusha dadu. Zilipotua, wazee wote wawili wakainama kuzitazama kama madaktari juu ya mgonjwa. Mstari wa Mwalimu ukavunjika. Askari mmoja mmoja walinyanyuliwa na kuwekwa pembeni, wengine wakarudishwa nyuma hadi darajani, na pale darajani wakasongamana. Nta akajikuta ameinama nao.

"Watavuka?" akauliza.

"Hilo ndilo swali," Mwalimu akajibu kwa furaha, bila jino hata moja.

Meno yalikaa vizuri. Nta ndiye aliyeshindwa kukaa vizuri tangu siku hiyo.

Tatizo lilikuwa bei. Vijisanamu vile vilitoka mbali, na kikosi kidogo tu kingemeza mshahara wake na kuomba maji ya kushushia. Alipomweleza Mwalimu, mzee alicheka.

"Nani kakwambia vijisanamu ndio mchezo? Mchezo ni kanuni, rula na dadu. Kanuni nyingi hutolewa bure, nitakuchapia. Mwaka huu usinunue kitu. Jaribu kila mchezo kwa vitu ulivyonavyo. Ukishajua unachokipenda, ndipo utoe pesa."

Basi Nta akaanza mwaka wake. Kwanza alikata askari wa karatasi, akawasimamisha kwa kuwakunja miguu. Dada yake aliacha cherehani akaja kuangalia.

"Mtu mzima na akili zako, unacheza vidoli?"

"Si vidoli, Dada. Ni jeshi."

"Jeshi gani linaogopa feni?"

Na kweli, feni ilikuwa imepeperusha ubavu wote wa kushoto.

Baada ya karatasi alijaribu vita vya baharini, meli za vifuniko vya chupa zenye milingoti ya vijiti vya meno, juu ya shuka la bluu. Hapo ndipo alipojifunza kwamba meli haisimami kwa kuambiwa. Unaamua leo, inatii kesho, na katikati ya leo na kesho kuna mwamba. Akajaribu vita vya angani kwa vifungo vya koti. Akajaribu mchezo wa genge la watu watano wanaopigania mtaa uliobomoka, na huo ulimshika moyo, maana watu wakiwa watano unawajua. Alipompoteza mmoja aliyempa jina la Chongo, hakula vizuri usiku ule. Kisha akajaribu vita vikubwa kabisa, majeshi ya punje za mchele zilizogandishwa kwenye vipande vya boksi. Alipoondoa mezani kipande chenye punje mia kwa mrusho mmoja wa dadu, hakusikia chochote moyoni. Alikaa akiitazama mikono yake. Kumbe ukubwa wa askari ndio unaoamua kama utamlilia.

"Umemaliza?" Dada akauliza. "Maana huo mchele ni wa chakula."

Kila Jumamosi alikwenda kwa Mwalimu na mchezo wa mwezi huo, na wazee wakaucheza naye kwa uaminifu, hata ule wa vifungo. Na hapo ndipo alipomkuta Haloo.

Haloo alikuwa binamu yake Bucha, mpokea simu wa hospitali kuu, na jina lake lilitokana na neno alilolisema kutwa nzima. Alizaliwa haoni. Alikuja Jumamosi moja kwa sababu mvua ilimkuta kwa Bucha na Bucha akaja naye; akaketi kwenye kona na fimbo yake nyeupe katikati ya magoti, akasikiliza. Alikuwa msikilizaji mwenye fujo. Dadu zikitua aliguna, mtu akinyamaza sana alisema, "Ee, huyo kaingia mtegoni." Na mara nyingi alikuwa sahihi.

"Kaka Haloo, mbona huchezi?" Nta akamuuliza.

"Nicheze na nini?"

"Na sisi."

"Fundi, mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nikiambiwa tazama, nani atalaumiwa?"

Wote wakacheka, naye akacheka kuliko wote. Lakini Nta aliona kwamba mkono wake ulikuwa umefika ukingoni mwa meza, ukasimama hapo, kama mtu aliyebisha hodi na hajajibiwa.

Jumatatu karakanani, Nta alikuwa akimalizia meno ya juu ya mama mmoja. Alifanya alichofanya siku zote mwishoni. Alifumba macho akapitisha kidole gumba ukingoni, kwa sababu jicho husamehe mkwaruzo ambao ulimi hautausamehe. Kidole kikapata kijinundu. Akafumbua macho na kucheka peke yake hadi mwenzake wa meza ya pili akamuuliza kama amelewa harufu ya gundi.

"Hapana," akasema. "Nimekumbuka kitu ambacho nilikuwa nakijua."

Akaomba ruhusa ya kuchukua mabaki ya akriliki, ile ya waridi inayotengenezewa fizi, ambayo hutupwa. Kwa wiki kadhaa akatengeneza jeshi la rangi ya ufizi. Wapiga mishale aliwachora mifereji mgongoni. Wenye mikuki aliwaacha laini. Farasi walikuwa warefu wenye shingo. Na majemadari, kila mmoja alimwekea kichwani gego bandia lililokataliwa na daktari.

"Huyu ndiye mkuu wao?" Dada akauliza akimshika jemadari kwa ncha za vidole.

"Ndiye."

"Anafanana na mjomba."

Dada hakukubali kamwe kwamba anasaidia. Alisema tu kwamba vitambaa vinamjazia nyumba. Akatoa satini kwa ajili ya mto, taulo kwa ajili ya msitu, na mkanda wa gunia kwa ajili ya barabara. Futi yake kuukuu ya kupimia nguo akaishonea fundo la uzi katika kila hatua, ili kidole kiweze kuhesabu.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Haloo aliketi mezani, akanyoosha mikono kwa upole kabisa, na askari wakaanguka mstari mzima, ta-ta-ta-ta.

"Nimeua wangapi?" akauliza.

"Wote," Bucha akasema. "Wako."

"Basi mimi ni jemadari wa kawaida."

Nta alirudi nyumbani na mawazo, na mawazo yakaishia kwenye godoro bovu la sponji ambalo Dada alikuwa amelisimamisha nje ya mlango litupwe. Alimwomba.

"Godoro na vita," Dada akasema. "Mwenzangu, hiyo inaitwa ndoa."

Lakini alimsaidia kulibeba, na akampa pini zake. Nta alitoboa kila askari chini, akampachika pini. Sponji aliikata kwa kisu cha mkate, akaichonga kama anavyochonga nta, kilima huku, bonde kule, akaivika vitambaa. Askari akichomekwa alisimama imara. Ukimgusa, aliyumba, akarudi.

Wakalipeleka kwa Mwalimu likiwa limefungwa kamba juu ya baiskeli ya nyama ya Bucha. Haloo aliosha mikono, akaikausha, akaketi. Safari hii hakuna kilichoanguka.

Alianzia kona ya juu. Akapita msitu wa taulo akitabasamu. Akagusa jemadari, akafika kwenye gego, akasema, "Loo, poleni kwa msiba." Kisha vidole viwili vikapata satini, vikaanza kuifuata. Viliteremka polepole kati ya vilima. Ghafla vikasimama, vikarudi nyuma kidogo, vikaja tena.

"Fundi, huu ni mto?"

"Ndiyo, kaka."

"Mbona unarudi ulikotoka?"

"Haurudi. Umepinda. Unakizunguka hicho kilima."

"Mto unazunguka kilima?"

"Hauwezi kukipanda."

Haloo akaongeza mkono wa pili. Mkono mmoja ukapanda kilima hadi kileleni, ukafunika kilele chote kama mtu anayefunika kichwa cha mtoto. Mwingine ukaendelea na mto, ukazunguka, ukateremka, hadi mwisho wa sponji, ambako satini ilining'inia hewani.

"Maisha yangu yote nasikia watu wakisema mto umepinda," akasema. "Nilidhani ni maneno tu. Kama mtu akisema fulani ana moyo mzito. Nimeshavuka mito. Mto kwangu ni baridi, sauti, na mtu anakwambia angalia mguu. Kisha umekwisha. Sikujua kwamba unaendelea kuwepo huku na huku." Akarudi kileleni. "Na kilima kina upande wa pili. Nimekishika chote hapa, mara moja. Bucha, wewe unaona hivi? Kila siku? Vyote kwa pamoja?"

"Ndiyo," Bucha akasema kwa sauti ndogo.

"Na unaenda tu kazini?"

Mwalimu alikuwa amevua miwani.

"Nimefundisha mito hadi nikazeeka," akasema. "Hii ni mara ya kwanza kumwona mtu akikutana nayo."

Nta alisimama nyuma ya kiti na mikono yake yenye nta chini ya kucha. Alikuwa ametengeneza kitu cha kuchezea. Nywele za mikono zilimsimama kama mtu aliyefungua kabati la nyumbani kwake akakuta ndani mna bahari.

Siku hiyo vita havikupiganwa. Jumamosi zilizofuata vilipiganwa haswa. Haloo alipigwa na kila mtu, kama kila anayeanza. Lakini alichokigusa hakukisahau. Aliupitia uwanja kwa mikono mara moja mwanzoni, kisha akakaa nyuma na kucheza kwa mdomo, na wenye macho ndio waliosahau wapanda farasi wao nyuma ya kilima.

"Bucha, kushoto kwako, ng'ambo ya mto, kuna mtu peke yake."

"Hakuna mtu pale."

"Gusa."

Bucha akagusa. Alikuwepo, amezama kwenye taulo. Kabla ya mvua kubwa kuanza, Haloo alimshinda Bucha kwenye kivuko cha mto ule ule, na kelele alizopiga zilifanya jirani agonge ukuta.

Baada ya ushindi huo alimwomba Nta kitu.

"Nitengenezee hapa. Tunapokaa."

"Hapa wapi?"

"Mji. Kwangu, hospitali, soko. Mimi najua njia, fundi. Sijui mahali. Najua kutoka mlangoni kushoto, nyoosha hadi harufu ya mkate, ngoja basi, panda, shuka kondakta akisema hospitali. Ni kama uzi. Nimeshika uzi miaka yote, sijawahi kushika nguo."

Nta alitembea mitaa ile jioni baada ya kazi, akipima kwa hatua. Mwalimu, kwa nyonga yake ile, alichora ramani kitandani. Nyumba zilikuwa vipande vya akriliki, kuta zilikuwa kamba ya viatu, na barabara ya basi ilikuwa mkanda mrefu wa gunia. Sponji iliyobaki ilitosha, kwa kubana.

Siku ya kuuonyesha, hata Dada alikuja, eti kuangalia kama vitambaa vyake havikuharibiwa. Haloo aliwekewa kidole cha kushoto mlangoni kwake. Akakiacha pale. Kwa mkono wa kulia akaanza safari ya kazini. Alitoka, akakata kushoto, akanyoosha. "Mkate," akasema, na kweli palikuwa pa mwoka mikate. Akashika barabara ya basi. Basi likapita sokoni, likapinda, likapita shule, likapinda tena, likazunguka mgongo wa mlima wa pale mjini. Vidole vilitembea na tabasamu lilikuwa usoni. Vikafika kwenye lango la hospitali. Vikasimama.

Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vinagusana na vya kushoto.

"Fundi," akasema polepole. "Mkono wangu wa kushoto uko wapi?"

"Nyumbani kwako."

"Na huu?"

"Hospitali."

"Umekosea vipimo?"

"Sijakosea, kaka. Nimepapima mara mbili, maana hata mimi sikuamini. Nyuma ya nyumba yako kuna kichochoro. Kinatokea kwenye geti la nyuma, pale wanapofulia mashuka."

Chumba kizima kikamgeukia Bucha, ambaye ndiye aliyemfundisha binamu yake njia siku alipoanza kazi.

"Lile geti lilikuwa limefungwa wakati ule!" Bucha akalia. "Walilifungua baadaye. Na mimi... Ndugu yangu, mimi nilidhani unalipenda basi!"

Haloo alibaki na mikono miwili kama mtu anayesali, kwake na kazini, ukuta mmoja katikati. Mabega yakaanza kutikisika. Nta alidhani analia, na kweli machozi yalikuwepo, lakini sauti iliyotoka ilikuwa kicheko, kimoja kirefu, kilichomlaza juu ya mji wake mwenyewe.

"Nimezunguka mlima!" alisema alipoweza. "Kila siku ya Mungu, asubuhi na jioni, kama mto!"

Dada ndiye aliyeketi chini ghafla na kufuta macho kwa pindo la kitambaa cha mteja.

Jumamosi hiyo walicheza ule mchezo wa magenge, ndani ya mitaa yao wenyewe. Majitu matatu ya akriliki yalishuka kutoka mlimani kuja kuteka hospitali. Dada alishawishiwa kuyaongoza, na akaibomoa shule bila huruma. Haloo aliilinda hospitali kwa watu watano. Alituma mmoja kwenye kichochoro, akamgusa kila hatua aliyokwenda, ingawa hakukuwa na jitu lolote upande ule.

"Huyo anafanya nini huko?" Bucha akauliza.

"Mwache," Haloo akasema. "Anajifunza njia."

Jumatatu simu ya karakana ililia mapema, Nta akiwa ndiyo kwanza anawasha moto wa kuyeyushia nta. Mwenzake alipokea, akasikiliza, akampa mkono wa simu huku amekunja uso.

"Kuna mtu anasema haloo na hasemi kingine."

"Kaka?" Nta akasema.

"Nimepita nyuma," sauti ikasema. Nyuma yake zilisikika simu nyingine za hospitali zikilia bila kupokewa. "Peke yangu. Bucha alitaka kunisindikiza, nikamkataza. Nimefika hata chai haijapoa tumboni. Lakini sikiliza, fundi. Pale kwenye ukuta wa kufulia kuna mteremko. Si mkubwa. Kwenye godoro lako haumo."

"Mteremko? Mimi nimepita pale, kaka. Ni tambarare."

"Si tambarare. Ngoja, watu wanapiga." Na mara ile sauti ikawa ya kazi, "Haloo, hospitali," na simu ikakatika.

Mchana Nta alikwenda. Kichochoro kilikuwa chembamba, chenye mvuke wa sabuni na mashuka meupe yakining'inia upande mmoja. Alikitazama kutoka mwanzo hadi mwisho. Kilikuwa tambarare kama meza. Akatembea hadi getini, akarudi. Tambarare. Mama mmoja wa kufua aliacha kusuuza akamwangalia.

Nta akafumba macho. Akaweka kiganja ukutani, akapiga hatua, na nyingine. Katika hatua fulani kisigino kikachelewa kidogo sana kupata ardhi. Iliyofuata, hivyo hivyo. Dunia ilikuwa inainama chini yake taratibu kuelekea hospitali, na maji yote ya mashuka, aliyasikia sasa, yalikuwa yanakwenda kule.

"Unatafuta nini, dada?" yule mama akauliza.

"Njoo ufumbe macho," Nta akasema. "Njoo usikie."